Mrusi yupi? Kiswahili kina neno moja, Kirusi kina mawili, na sera ya nje ya Urusi inahangaika katikati yake

Kalamu ya Mwambao (mleta uzi)

Habari za majukumu, wanajamvi.

Nimefuatilia mijadala ya Urusi humu kwa muda mrefu, hasa tangu Februari 2022. Kila uzi unaishia palepale. Huku wanampenda Putin kwa kuwa anawakomoa Wamarekani, kule wanamlaani kwa sababu ya Ukraine, matusi yanaanza, uzi unafungwa. Kuna swali ambalo halifiki mezani kabisa: Mrusi ni nani? Warusi wenyewe hawajalimaliza. Naamini hatua nyingi kubwa walizopiga nje ya mipaka yao tangu 1991 ni majaribio ya kulijibu, na ndiyo maana sera yao inaonekana kugeuka geuka.

Nianze na lugha, maana ndipo nilipoanzia mwenyewe.

Nilisoma Kazan, mji mkuu wa Jamhuri ya Tatarstan, kando ya mto Volga. Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa makamo niliyemwita Apa, ndivyo Watatari wanavyomwita mwanamke aliyekuzidi umri. Mwezi wa kwanza, Kirusi changu kikiwa bado cha kuungaunga, nilimwambia mezani, "Ninyi Warusi mnapenda sana chai." Akaweka birika chini. Akanijibu taratibu kama anayemfundisha mtoto: "Mimi si *russkaya*. Mimi ni *rossiyanka*. Na kabla ya hapo ni Mtatari."

Sikumwelewa siku ile. Baadaye nikaja kujua kwamba pale ambapo Kiswahili kina neno moja tu, "Mrusi", Kirusi kina mawili. *Russkiy* ni Mrusi wa damu, wa lugha na desturi. *Rossiyanin* ni raia wa dola inayoitwa Rossiya, awe Mrusi wa damu, Mtatari, Mchecheni, Mburyati au Myakuti. Katiba ya 1993 inafungua kwa kusema "Sisi, watu wa mataifa mengi wa Shirikisho la Urusi". Hapo neno ni lile la pili, la uraia. Unapomsikia kiongozi wa Moscow akizungumza, kabla hujauliza anaitisha nini, uliza kwanza ametumia neno lipi. Tafsiri zinazotufikia sisi zinalifuta swali hilo lote.

Jioni ile Apa alinifundisha maneno machache ya Kitatari: *kitap*, *qäläm*, *xäbär*, *waqıt*, *dönya*. Nikamwambia kwetu ni kitabu, kalamu, habari, wakati, dunia. Akanisogezea sahani ya *echpochmak*, vipande vya unga vyenye pembe tatu, nyama na viazi ndani, mithili ya sambusa iliyonona. Nilijihisi niko nyumbani, ndani ya nchi ambayo magazeti yetu huichora kama theluji, Kanisa la Orthodox na Kremlin ya Moscow basi.

Uislamu ulipokewa rasmi na dola ya Wabulgar wa Volga mwaka 922, yaani miaka 66 kabla ya mtawala Vladimir wa Kiev kubatizwa mwaka 988. Kazan ilitekwa na Ivan wa Nne, mtawala (tsar) wa Moscow, mwaka 1552. Leo ndani ya ngome ileile ya Kazan kuna kanisa kuu la karne ya 16 na msikiti wa Kul Sharif uliofunguliwa 2005, na unaweza kutembea kutoka kimoja hadi kingine kabla kahawa yako haijapoa. Kwa hiyo Mtatari akiambiwa kwamba Urusi ni nchi ya *russkiy* na wengine ni wageni walioalikwa, ana kila sababu ya kushtuka.

Naendelea chini, msinikatishe kwanza.

Kalamu ya Mwambao

Sehemu ya pili. Ugomvi wenyewe ni wa zamani.

Mwaka 1836 Pyotr Chaadaev alichapisha barua ya kifalsafa iliyodai kwamba Urusi haijauchangia ulimwengu chochote, haiko Mashariki wala Magharibi. Tsar Nikolai wa Kwanza akaamuru atangazwe kuwa mwendawazimu. Tangu hapo wasomi wao wamegawanyika. Wapo waliosema tufuate Ulaya, wapo waliosema tuna roho yetu ya Kislavoni. Mwaka 1921 likatokea kundi la tatu, wakimbizi waliokutana Sofia, Bulgaria, akiwamo mwanaisimu Nikolai Trubetskoy na mwanajiografia Pyotr Savitsky. Hao walisema Urusi si Ulaya wala si Asia. Ni bara lake, Eurasia, na utawala wa Wamongolia haukuwa balaa tupu, bali ulisaidia kuijenga dola yenyewe. Hebu fikiri uzito wa maneno hayo kwa watu waliofundishwa shuleni kwamba Mtatari na Mmongolia ndio adui wa kale!

Hapo ndipo neno "kanda" linapoingia. Kwa Warusi, kuchagua kanda yao ni sawa na kujichagulia wao ni akina nani. Sisi tukijiunga na jumuiya ya kikanda tunajadili ushuru na vibali vya kazi. Wao wakisema "sisi ni Ulaya" au "sisi ni Eurasia", wanazungumzia pia nani ni mwenye nyumba ndani.

Umoja wa Kisovieti ulipovunjika Desemba 1991, Warusi wa damu wapatao milioni 25 waliamka wakiwa nje ya Urusi bila kuhama hata hatua moja. Mpaka ndio uliohama. Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Andrei Kozyrev, aliamini dawa ni kuwa nchi ya kawaida ya Magharibi. Desemba 1992, kwenye mkutano wa usalama wa Ulaya mjini Stockholm, alisimama akatoa hotuba ya ukali kama ya enzi ya Vita Baridi: Magharibi iache kuingilia, nchi zilizokuwa za Kisovieti ni eneo letu. Mawaziri wenzake wakapigwa na butwaa. Muda mfupi baadaye akarudi jukwaani akaeleza kwamba hayo ndiyo watakayoyasikia iwapo wapinzani wake watashika madaraka. Mimi kila nikiisoma habari hiyo mwili unanisisimka, kwa sababu mengi ya yale aliyoyatoa kama onyo yamekuja kuwa sera rasmi.

Mwaka huohuo wa 1992 lilifanyika jambo dogo ambalo sisi Waafrika tunapaswa kulikumbuka. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu cha Moscow, kilichoanzishwa 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba 1961, kiliondolewa jina hilo. Jina likarudishwa 2023. Kati ya miaka hiyo miwili kuna safari nzima ya nchi iliyotaka kuwa Ulaya hadi nchi inayojitangaza kuwa rafiki wa Kusini. Nani aliyebadilika hapo? Si Lumumba.

Januari 1996 Kozyrev akaondoka, akaingia Yevgeny Primakov, mtaalamu wa lugha na siasa za Kiarabu. Huyu ndiye baba wa kile wanachokiita dunia ya nguzo nyingi, yaani isiyo chini ya mkubwa mmoja. Desemba 1998, akiwa Waziri Mkuu, alipendekeza mjini Delhi pembetatu ya Urusi, India na China. Machi 24, 1999 alikuwa angani juu ya Atlantiki kwenda Washington. Alipoarifiwa kwamba NATO inaanza kuipiga Yugoslavia, akaamuru ndege igeuzwe irudi. Warusi wengi wa rika la Apa wanaikumbuka ndege ile kuliko wanavyokumbuka mkataba wowote.

Mtoto wa Kigoma

Uzi mzito mkuu, asante. Swali: umesema kuhusu wasomi na mawaziri. Hiyo mikoa na jamhuri zenyewe zina sauti gani kwenye sera ya nje? Mimi najua Moscow ikisema imesema.

Kalamu ya Mwambao

Ndugu yangu wa Kigoma, sasa ni hivyo. Miaka ya tisini haikuwa hivyo hata kidogo.

Agosti 1990 Boris Yeltsin alikwenda Kazan akawaambia Watatari wachukue mamlaka kadiri wanavyoweza kuyameza. Wakamshika neno. Machi 1992 walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 60 wakaunga mkono kwamba Tatarstan ni dola yenye mamlaka yake. Walikataa kutia saini mkataba wa shirikisho mwezi huohuo, hadi Februari 1994 Moscow ilipokubali kusaini nao mkataba wa pande mbili, uliowapa pamoja na mengine haki ya kuwa na mahusiano yao ya kimataifa. Fikiria mkoa una mikataba na nchi za nje na wawakilishi wake ng'ambo. Chechnya kwa upande wake ilitangaza uhuru kamili, na Desemba 1994 vifaru vikaingia. Jamhuri mbili za Waislamu, nchi moja, mwaka mmoja: moja ilipata karatasi na nyingine ikapata mabomu. Tofauti kubwa ilikuwa watu wa Kazan walijua pa kusimama.

Kisha kuna Mashariki ya Mbali, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu kuna kitu kinachotuhusu.

Vladivostok iko kilomita 9,288 kutoka Moscow kwa reli, na saa zinapishana saba. Jina lake maana yake ni "tawala Mashariki". Mji ulianzishwa 1860, mwaka ambao China, ikiwa taabani, ilisaini kuiachia Urusi eneo lile. Miaka ya tisini Moscow ilipokuwa inaweka alama za mpaka na China kwa mujibu wa makubaliano ya 1991, gavana wa jimbo lile, Yevgeny Nazdratenko, alikuwa anapiga kelele hadharani kwamba ardhi inauzwa. Wakuu wa nchi wanapeana mikono Beijing, gavana nyumbani anawachafulia. Ilibidi wamalize kwa awamu. Makubaliano ya mwisho juu ya visiwa vya mtoni yalifikiwa 2004 na ardhi ikakabidhiwa 2008.

Sasa magari. Urusi wanaendesha upande wa kulia wa barabara, maana yake usukani unatakiwa kuwa kushoto. Lakini ukienda Vladivostok utakuta Toyota na Nissan za mitumba kutoka Japani, usukani kulia, zilezile zinazoshushwa bandari ya Dar na Mombasa. Mji mzima uliishi kwa biashara hiyo: kuagiza, kutengeneza, kuuza hadi Siberia. Mwishoni mwa 2008 serikali ikatangaza kupandisha ushuru wa magari ya nje ili kulinda viwanda vya nyumbani, ambavyo vikubwa vyake viko upande wa Ulaya wa nchi. Watu wakaingia barabarani. Na polisi wa kuwatawanya wakasafirishwa kwa ndege kutoka Moscow.

Mimi naliona tukio hilo kuwa somo kubwa kuliko vitabu vingi. Kwa Moscow, Japani ni suala la visiwa vya Kuril wanavyogombea na mkataba wa amani usiosainiwa tangu Vita vya Pili. Kwa fundi wa Vladivostok, Japani ni spea. Ni watu wa nchi moja wenye majirani tofauti. Sera ya nje inayotungwa mahali ambapo jirani ni Poland na Finland haiwezi kumtosha mtu ambaye Tokyo na Beijing ziko karibu naye kuliko mji wake mkuu mara kadhaa.

Serikali kuu iliufunga mlango huo kidogo kidogo. Sheria ya Januari 1999 iliratibu mahusiano ya nje ya mikoa. Mei 2000 Putin, akiwa ndiyo kwanza ameapishwa, aliigawa nchi katika wilaya saba za shirikisho chini ya wajumbe wake. Mwaka 2004, baada ya msiba wa Beslan, magaidi walipoteka shule, uchaguzi wa magavana ukafutwa. Ulirudishwa 2012 ukiwa na vichujio. Wakati huohuo Moscow yenyewe ikaanza kuitumia mikoa kama milango: daraja la kisiwa cha Russky lilijengwa Vladivostok kwa ajili ya mkutano wa APEC (jumuiya ya kiuchumi ya Asia-Pasifiki) wa 2012, lenye nafasi ya mita 1,104 kati ya nguzo zake kuu, na tangu 2015 kuna kongamano la uchumi la kila mwaka kule. Mlango upo, ila ufunguo uko Moscow.

Msafiri 254

Ndugu mleta uzi, mimi ni Mkenya. Umenikumbusha balozi wetu Martin Kimani kwenye Baraza la Usalama, Februari 21, 2022. Alisema sisi Waafrika mipaka yetu ilichorwa London, Paris na Lisbon bila kujali jamaa tuliotenganishwa nao, lakini tulikubali kuishi nayo badala ya kupigana vita hadi leo. Hilo la Warusi milioni 25 waliobaki nje si ndilo alilokuwa anajibu?

Kalamu ya Mwambao

Ndilo hasa, na nashukuru umelileta wewe.

Machi 18, 2014, siku ya kuinyakua Crimea, rasi ya Ukraine, Putin alihutubia akasema Warusi wamekuwa mojawapo ya mataifa makubwa zaidi yaliyogawanyika duniani, kama si kubwa kuliko yote. Neno alilotumia hapo ni *russkiy*. Julai 2021 akachapisha makala ndefu kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Hapo katikati, marekebisho ya katiba ya 2020 yaliongeza kwamba Kirusi ni lugha ya "taifa lililounda dola". Ukiyasoma matatu haya pamoja, unaona neno la damu linapanda juu ya neno la uraia, ndani na nje kwa wakati mmoja.

Viongozi wetu walipokutana Cairo Julai 1964 chini ya OAU waliamua kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru. Wamasai wapo Kenya na Tanzania. Wamakonde wapo Tanzania na Msumbiji. Tungeanza kusema "taifa lililogawanyika" leo, tusingekuwa na muda wa kufanya jambo jingine. Uamuzi ule uliwaumiza watu wengi, lakini uliokoa wengi zaidi, na sioni haya kusema kwamba kwa jambo hili Afrika ilikuwa na busara ambayo Moscow iliitupa.

Dada wa Mikindani

Kaka, huo si upande mmoja tu wa habari? Nchi za Magharibi nazo zimevamia Iraq, zimeivunja Libya, hakuna anayeziuliza ni nani. Urusi angalau inasema dunia isiwe ya mtu mmoja. Sisi tulioonewa tuna haki ya kufurahi akitokea wa kumkatalia mkubwa.

Kalamu ya Mwambao

Dada yangu, sikubishii Iraq wala Libya. Na sikubishii kwamba dunia ya mtu mmoja ni mbaya. Nilikwenda Urusi nikiamini hivyo na bado naamini.

Swali langu ni hili: anayedai nguzo nyingi nje, anazo ngapi ndani? Machi 31, 2023 Urusi ilitoa waraka mpya wa sera ya nje. Humo inajitambulisha kuwa nchi-ustaarabu ya pekee, dola kubwa ya Eurasia na ya Ulaya-Pasifiki. Maneno mapana, ya kuvutia, na yana ukweli wa kijiografia. Lakini mwaka 2017 mkataba wa Moscow na Tatarstan uliachwa ufe bila kuongezwa. Mwaka huohuo, baada ya Putin kusema mjini Yoshkar-Ola kwamba mtu asilazimishwe kujifunza lugha isiyo yake, Kitatari kilichokuwa somo la lazima kwa wanafunzi wote wa shule za Tatarstan kikawa cha hiari, kwa ombi la maandishi la mzazi. Kirusi hakikuguswa na kanuni hiyo. Unapoiambia dunia kwamba kila ustaarabu una haki ya njia yake, huku lugha ya jamhuri iliyokubali Uislamu miaka elfu moja na mia iliyopita inasubiri fomu, mimi nauona mpasuko.

Sisemi ni unafiki wa kila mtu. Kuna Warusi waliolipigania wazo la wengi kwa dhati. Lev Gumilev, mwana wa washairi Anna Akhmatova na Nikolai Gumilev, alifungwa kambini zaidi ya mara moja, na alitumia maisha yake kuandika kwamba watu wa nyika na Waslavoni walijenga kitu pamoja. Wakazakhi wamekiita chuo kikuu kimoja cha mji wao mkuu kwa jina lake. Mtu wa namna hiyo hupewi na propaganda.

Mtoto wa Kigoma

Hapo kwa Wakazakhi. Ule Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia ni kama EAC yetu au ni Usovieti mpya?

Kalamu ya Mwambao

Inategemea unamuuliza nani, na hilo ndilo tatizo lake.

Watu wengi hawajui kwamba wazo la umoja huo halikutoka Moscow. Nursultan Nazarbayev wa Kazakhstan alilitoa Machi 1994 akihutubia Chuo Kikuu cha Moscow. Yeye alitaka soko na reli kwa nchi isiyo na bahari. Putin alilichukua Oktoba 2011 kwenye makala gazetini, na kwake likawa jengo la kanda yenye kusimama kati ya Ulaya na Asia-Pasifiki. Mkataba ulisainiwa Astana Mei 29, 2014, ukaanza kazi Januari 2015: Urusi, Belarus, Kazakhstan, kisha Armenia na Kyrgyzstan. Wakazakhi walisisitiza mpaka mwisho neno "kiuchumi" libaki kwenye jina. Ukraine, ambayo ndiyo ingelipa jengo hilo uzito, ilikuwa imeshaondoka.

Agosti 2014 Putin aliwaambia vijana kambini kwamba Nazarbayev aliunda dola mahali ambapo hapakuwahi kuwa na dola. Alikuwa anamsifu. Kwa Wakazakhi ilisikika vingine kabisa. Mwaka uliofuata walisherehekea miaka 550 ya ufalme wao. Hawakuhitaji kutukana. Walifanya sherehe.

Halafu Juni 2022, kongamano la uchumi la St. Petersburg. Rais Kassym-Jomart Tokayev ameketi jukwaa moja na Putin. Miezi mitano tu nyuma askari wa muungano unaoongozwa na Urusi walikuwa wameingia Kazakhstan kumsaidia wakati wa ghasia. Ana deni. Akaulizwa kuhusu Donetsk na Luhansk, maeneo ya mashariki mwa Ukraine, akajibu kwamba nchi yake haitayatambua maeneo hayo ya "vijidola". Putin yuko palepale kando yake. Kazakhstan ina mpaka na Urusi wa zaidi ya kilomita 7,500, na Warusi wa damu mamilioni wanaishi ndani yake, wengi wao kaskazini. Akikubali hoja ya "taifa lililogawanyika" kwa Ukraine, ameikubali na kwake.

Kwa hiyo Moscow inawaita majirani kwa lugha ya Eurasia, ambayo ni ya wote, kisha inawatisha kwa lugha ya *russkiy mir*, "ulimwengu wa Kirusi", ambayo ni ya mmoja. Huwezi kumwalika mtu karamuni huku unapima kiwanja chake.

Msafiri 254

Na hao Waislamu na Wabudha wa ndani wanapelekwa vitani kwa neno lipi?

Kalamu ya Mwambao

Kwa yote mawili. Machi 3, 2022 Putin alimsifu ofisa mmoja wa Kidagestani aliyeuawa Ukraine. Alisema yeye ni mtu *russkiy*, lakini akiona ushujaa kama ule anataka kusema: mimi ni Mlak, mimi ni Mdagestani, Mchecheni, Mwingushi, Mtatari, Myahudi, Mmordva. Ilikuwa hotuba ya *rossiyanin* kamili, katika vita vilivyohalalishwa kwa hoja ya *russkiy*. Septemba ya mwaka huo, uandikishaji wa lazima ulipotangazwa, Makhachkala, mji mkuu wa Dagestan, wanawake walikuwa mbele wakiwakabili polisi barabarani.

Hata hivyo, Moscow inawahitaji watu hao nje. Urusi ni mtazamaji katika Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu tangu 2005, na asingekuwapo Mtatari na Mchecheni isingekuwa na hoja ya kuingia. Kazan ndiyo mwenyeji wa kongamano la kila mwaka na nchi za Kiislamu. Kalmykia, jamhuri ya Wabudha, ilimpokea Dalai Lama, kiongozi wa kiroho wa Wabudha wa Tibet ambaye China haimtaki, Novemba 2004 kwa kibali cha Moscow. Urafiki na China ulivyokolea, waumini wa kule wamebaki kumfuata ng'ambo. Mikoa inafunguliwa na kufungwa kama dirisha, kwa hesabu za mtu mwingine.

Dada wa Mikindani

Nimekuelewa zaidi kaka, ingawa sijakubali yote. Nimalizie na swali la kawaida tu. Oktoba 2024 niliona mkutano wa BRICS, kundi la nchi kama China na India, uko hukohuko Kazan, wakina Xi na Modi. Huyo mkuu wa Tatarstan aliyewapokea kiwanjani cheo chake nini? Gavana?

Kalamu ya Mwambao

Dada, umeuliza swali lenye kisa.

Alikuwa anaitwa *prezident*, tangu 1991. Jamhuri nyingine ziliacha jina hilo moja baada ya nyingine. Chechnya iliacha mapema, 2010. Tatarstan ikabaki peke yake. Desemba 2021 ikapita sheria ya shirikisho kwamba cheo cha mkuu wa jamhuri kisibebe neno la cheo cha mkuu wa nchi. Wabunge wa Kazan walikuwa wameukataa muswada ule, haikusaidia. Mwaka mmoja baadaye wakabadilisha katiba yao, na tangu Februari 2023 Rustam Minnikhanov ana cheo kipya, neno la Kiarabu lililokaa katika Kitatari.

Anaitwa *Rais*.

Niliposoma habari hiyo nilimpigia Apa simu. Yeye hakuwa na furaha. Kwake ilikuwa kitu kingine kilichochukuliwa, na neno jipya lilikuwa la kufunika pengo. Nikamweleza kwamba huku kwetu Rais ndiye mkuu wa nchi, hatuna neno jingine, ndilo limeandikwa kwenye katiba na ndilo watoto wanalolisema shuleni. Akanyamaza kidogo. Akamwita mjukuu wake aje karibu na simu, akaniomba niirudie sentensi ile polepole, kwa Kiswahili.